Mche Mmoja wa Manjano

1

Nuru haimwagwi kwa kubahatisha. Kwanza unapitisha uzi.

Nakijwa alivua viatu mlangoni mwa kituo, akakanyaga saruji ya baridi mpaka kwenye kioo cha kupepesa. Kioo chenyewe kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Alikipulizia, akakifuta kwa pamba, akakiwasha. Kikatetemeka kwa kasi mpaka kikaonekana kimetulia, na uzi ukatoka: mwali mwembamba uliosukwa kwa rangi nyingi, nyingine jicho la mtu halizijui, zile zinazopenya ukungu bila kupotea njia.

Uzi ulishuka bondeni. Ukagusa jani, ukarudi. Ukagusa jiwe, ukarudi. Kilichokuwa karibu kiliurudisha upesi, kilichokuwa mbali kikauchelewesha, na kwa kuchelewa huko mtambo ukajua umbo la kila kitu. Kwa rangi zilizorudi pungufu, ukajua kila kitu kimekula nini.

Nakijwa alimimina maji ya moto kwenye beseni pana lililokuwa katikati ya meza. Mafundi wengine walitazama bonde kwenye kioo bapa cha ukutani. Yeye alipenda mvuke. Ndani ya mvuke bonde la Vunjoro lilianza kuota, ngazi ya shamba baada ya ngazi, maharage, tangawizi, njia za miguu, mbuzi aliyelala, vyote vidogo na vyenye kung'aa, vikipumua pamoja na maji.

Wazee wa milima hii walikuwa na ndiva: bwawa dogo lililochimbwa juu ya mashamba, likakinga maji ya kijito usiku kucha, na asubuhi likafunguliwa, kila shamba kwa zamu yake. Ukungu ulipokuja ukakaa, ukagoma kuondoka hata watoto wakakua bila kujua kivuli ni kitu gani, watu wa Vunjoro hawakubuni desturi mpya. Walijenga ndiva nyingine, ya vioo, kileleni ambako mawingu huishia chini ya miguu. Nuru ikashuka kwa bomba la kioo hadi kituoni, na kutoka kituoni ikaenda mashambani kwa zamu zile zile za maji. Hata mwizi wa nuru aliitwa kwa jina lile lile la mwizi wa maji.

Kitu kimoja tu hakikuota mezani: nyumba. Palipo na nyumba mtambo uliacha mraba mweusi, kama pengo la jino. Ndiyo ilikuwa ahadi, kabla hata ya jiwe la msingi la kituo: uzi hauvuki kizingiti. Kila mwenye nyumba alikuja mwenyewe, akanyoosha kidole juu ya mvuke, akasema, kuanzia hapa mpaka hapa usitazame. Bonde la ng'ambo nalo lilikuwa na ahadi kama hiyo. Siku walipogundua fundi wao anajua nani analala na nani, walikizika kituo kwa mawe, kwa mikono yao wenyewe. Sasa kule panaota kuvu tu, na watu wake wametawanyika.

"Kitalu kipya," mtambo ulisema. Ulikuwa na sauti ya upole, sauti ya mtu asiye na haraka. "Ngazi ya saba, nyuma ya migomba. Mche mmoja. Umanjano mkubwa, unameza buluu yote. Pendekezo: nuru ya buluu, kutwa nzima. Nipeleke?"

Nakijwa alicheka peke yake. "Nani huyo kapanda mche mmoja?"

Akaukuza. Mvuke ulijikunja, ukajikunjua.

Mche ulikuwa umelala ndani ya kikapu. Ulikuwa na kichwa. Ulikuwa na ngumi mbili, na moja ikafunguka polepole, vidole vikaachana kimoja kimoja kama ua linalochanua, vikajifunga tena.

Nakijwa aliupiga mvuke kwa kiganja. Bonde zima likapasuka vipande vipande, likatawanyika hewani, likaanza kujikusanya upya.

"Nipeleke?" mtambo uliuliza tena.

"Usiguse kitu."

Ngazi ya saba ilikuwa boma la Namkunda. Mkwe wake, Nambike, hakuwa ameonekana kisimani kwa muda, na bonde zima lilijua kwa nini, na bonde zima lilinyamaza, maana ndivyo inavyopasa. Mzazi hulala kwenye kibanda alichojengewa nyuma ya nyumba, yeye na kichanga chake, mpaka siku ya kumtoa mtoto nje. Kabla ya siku hiyo mtoto hatajwi. Haulizwi. Hapewi hongera. Macho ni mengi, na si yote yenye nia njema.

Mumewe Nambike, kabla ya kurudi kazini mbali, alikuwa amekiezeka kibanda kwa nailoni nyeupe ya kitalu, ili mkewe asikae gizani. Hakuja kituoni kuonyesha kidole. Angekujaje? Kukiandikisha kibanda ni kumtangaza mtoto. Basi mtambo uliona fito nne, nailoni, na kitu kidogo kinachokua, ukatamka neno pekee ulilokuwa nalo.

2

Sista Naetwe, muuguzi wa zahanati ya nyuma ya kilima, alipokea simu huku akitafuna.

"Sema, fundi. Na usiniambie barabara imepona, najua haijapona."

"Haijapona. Sista, mtoto mchanga akiwa wa manjano..."

Kutafuna kukakoma. "Manjano mpaka wapi? Uso tu?"

Nakijwa alifumba macho ili aone vizuri zaidi. "Mpaka nyayo."

"Ananyonya?"

"Sijui. Amelala sana. Anafungua mkono kama mtu anayeota."

"Mtoto wa nani huyo?"

Nakijwa hakujibu. Sista Naetwe alikuwa mzaliwa wa milima hii, akaelewa ukimya ule, akaendelea bila kuuliza. Damu ya mtoto, alisema, ina taka ya manjano ambayo ini lake bado halijajifunza kuitoa. Ikizidi, inapanda kichwani. Akipona hapo anabaki kiziwi, au viungo vinakakamaa, au macho yanakuwepo lakini hayashiki kitu. "Dawa yake ni nuru ya buluu, hiyo ndiyo inayoivunjavunja ile taka ndani ya ngozi. Hapa ninayo taa. Mlete."

"Maporomoko yamekula njia ya magari, Sista."

"Basi nakuja kwa miguu, nitafika kesho jioni. Lakini kesho jioni ni mbali kwa mtoto wa manjano mpaka nyayo. Wewe si ndiye mwenye nuru huko?"

"Ninayo."

"Basi sikiliza vizuri. Avuliwe nguo zote, abaki na nepi. Afungwe macho kwa kitambaa, vizuri, nuru hiyo si ya kuangaliwa. Ageuzwe mara kwa mara. Anyonyeshwe hata kama hataki. Macho, Nakijwa. Usisahau macho."

Simu ilipokatika, Nakijwa alibaki ameishika sikioni, akisikiliza ukungu.

Ingekuwa nuru tu, angeweza kuukubalia mtambo pendekezo lake na kwenda zake nyumbani. Mtambo umeona mche, mtambo umemwagilia mche, nani angemlaumu? Lakini hapangekuwa na mtu wa kumvua mtoto nguo. Hapangekuwa na mtu wa kumfunga macho. Ili nuru iponye badala ya kupofusha, ilibidi mtu asimame mlangoni kwa Namkunda na kusema: nimemwona. Na bonde lililosikia neno hilo mara moja kutoka kwa fundi lilikuwa limekizika kituo chake kule ng'ambo, kwa mawe.

Alivaa viatu, akateremka.

3

"Hodi!"

"Hodi mpaka uvunje mlango? Nimekuona tangu kwenye mgomba wa kwanza. Karibu."

Namkunda alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti iliyozoea kuvuka mabonde. Alikuwa anapepeta maharage uani, na hakusimamisha ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na mumeo? Bado yuko mgodini?"

"Yuko. Anarudi mwezi ujao."

"Mwezi ujao wako huo ni mrefu, mwanangu. Viatu vyake nimeviona mlangoni kwako vimepigwa rangi vinang'aa, nikajua ameshafika." Akapepeta. "Haya, fundi hashuki kwa ajili ya salamu. Bati langu la kupokelea nuru limepasuka?"

"Bati ni zima. Nilikuwa nataka kujua..." Nakijwa alitazama migomba. Nyuma ya migomba hiyo, kupitia ukungu, weupe wa nailoni ulionekana kama kitu kilichosahauliwa na ndoto. "Kuna kitalu kipya huku nyuma?"

Ungo ukasimama.

"Kitalu gani?"

"Mtambo umeona kama kitalu."

"Mtambo wako unahitaji miwani." Ungo ukaanza tena, haraka kuliko mwanzo. "Hakuna kitu huko nyuma."

"Hakuna hata mtu anayeumwa?"

"We binti. Nimesema hakuna kitu. Unataka niseme kwa Kiarabu?"

Nakijwa aliaga. Alifika mpaka kwenye mgomba wa kwanza. Hapo alisimama, akauona mkono wake mwenyewe ukijifungua na kujifunga bila yeye kuuamuru, kidole kimoja kimoja. Akarudi.

"Mama, nimemwona."

Maharage yalimwagika. Hakuna aliyeyaangalia.

"Umemwona nani?" Sauti iliyokuwa ikivuka mabonde sasa haikuvuka hata ua.

"Leo alfajiri. Kibanda hakijaandikishwa, mtambo haukujua kwamba ni nyumba. Nikaukuza. Nikamwona amelala kikapuni. Ni wa manjano, mama, mpaka nyayo. Nimemuuliza Sista bila kutaja jina la mtu. Anasema asiponyweshwa nuru leo, ugonjwa unapanda kichwani."

Namkunda alisimama. Alikuwa mrefu kuliko Nakijwa alivyokumbuka. "Baba yake mzazi hajamwona. Shangazi zake hawajamwona. Mimi mwenyewe naingia humo nimeinamisha uso. Na wewe umekaa juu huko, umevuka mlango wangu kwa uzi, umemtazama mjukuu wangu akiwa uchi kama unatazama mchicha?"

"Ndiyo."

"Na unakuja kuniambia!"

"Ningemmwagia nuru bila kusema, ingemuunguza macho."

"Nitakuchoma pamoja na mtambo wako. Nitakwenda ng'ambo nikaokote mawe yale yale..."

"Mama." Sauti ilitoka nyuma ya migomba, ya chini na ya uchovu, sauti ya mtu aliyelia akamaliza. "Mwache aseme. Hajanyonya tangu jana."

Tone la maji lilidondoka kutoka jani la mgomba, likafuatwa na lingine.

"Ulisema hamna neno," Namkunda aliiambia migomba.

"Nilisema hivyo kwa sababu ulitaka kusikia hivyo." Nambike akaisogelea nailoni. "Dada Nakijwa. Huku chini ya nailoni kila kitu ni cheupe, siijui tena rangi yake. Kule kwako ana rangi gani?"

"Kama ua la boga."

Namkunda akaketi chini juu ya maharage yake.

"Sitaki utazame tena," alisema hatimaye. "Mponye, lakini usimtazame. Unaweza?"

Nakijwa alifikiri. Ukungu unasogea, na nuru ikipita kwenye ukungu hupinda. Mkono wa nuru usipoelekezwa kila mara ungeteleza ukaangukia ukutani. Asiyetazama angeulenga vipi?

"Mna vijiko?"

"Vijiko?"

"Vya chuma, vinne. Vilazwe kwenye pembe nne za kikapu, uso juu. Nitaufundisha mtambo usione chochote humo ndani isipokuwa chuma. Nitaviona vijiko tu, na nuru nitaitandaza katikati yake. Nambike akitaka kumnyonyesha, aondoe kijiko kimoja. Kijiko kikitoweka, nafunga. Kikirudi, nafungua."

Namkunda alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa asichotaka kununua. Kisha alivua upande wa kanga aliyojitanda, akaung'ata, akauchana. Kipande kirefu, laini kwa kufuliwa mara nyingi.

"Cha macho," alisema, akapita kati ya migomba. Akageuka. "Akipona, nitakushukuru. Halafu utasimama mbele ya watu useme ulichofanya. Yote mawili."

"Yote mawili," Nakijwa alisema.

4

Zamu ya asubuhi ile ilikuwa ya Kajiru, fundi cherehani na mwenyekiti wa ndiva, na maharage yake yalikuwa yanachanua. Maharage yanayochanua yakikosa nuru hudondosha maua. Nakijwa alijua hilo, na aliifunga zamu yake hata hivyo.

Alilitega pande la kioo lenye pembe tatu mbele ya bomba, nuru ya kileleni ikafunguka kama mkia wa tausi: nyekundu, chungwa, kijani, buluu, zambarau. Nyekundu yenye joto aliimwaga pembeni kwenye ndoo ya maji. Zambarau ya mwisho, ile inayobabua ngozi, aliikinga kwa kipande cha bati. Akabaki na buluu peke yake. Akaipitisha kwenye lenzi tatu, ya kwanza kuikusanya, ya pili kuitanua, ya tatu kuilainisha kingo zake, mpaka ikawa na ukubwa wa kikapu.

Ndani ya mvuke, mraba mweusi. Ndani ya mraba, nukta nne zinazong'aa.

Akaifungua.

Nguzo ya buluu ilisimama katikati ya bonde. Ukungu uliokuwa umelala kwa uvivu uliamka ndani yake, ukapanda, ukazunguka, kama maziwa yanayomwagwa kwenye maji. Mbuzi walinyamaza. Watu walitoka mashambani wakiwa na majembe mkononi, wakasimama. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuona buluu kubwa kiasi hicho. Mbingu waliijua kwa kusimuliwa.

Kijiko kimoja kikatoweka. Nakijwa akafunga. Bonde likarudi kijivu. Alisubiri, mkono juu ya wenzo, na katika kusubiri huko alijua, bila kuona, kwamba mahali fulani chini ya nailoni kuna mdomo unajaribu kunyonya. Kijiko kikarudi. Nguzo ikasimama tena.

Kajiru alifika akihema, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Fundi! Namkunda amepanda maharage ya buluu?"

"Hapana, mwenyekiti."

"Basi nieleze, maana mimi nina maharage ya kawaida, yale ya watu maskini, yanayokula nuru nyeupe kwa zamu yake. Na zamu yake ni sasa."

"Najua. Nimeiiba."

Alikuwa amejiandaa kwa uongo. Ukweli ulimkuta hana silaha. "Umeiiba," alirudia. "Kwa ajili ya nini?"

"Siwezi kusema kwa ajili ya nini. Naweza kusema kwamba nimeiba, na kwamba kabla ya kuiba niliingia mahali ambapo sikuitwa. Ukitaka funguo za kituo, zile pale kwenye msumari. Naomba tu uzichukue kesho."

Mwenyekiti alisogea mezani. Aliinamia beseni, mvuke ukamlowesha masharubu. Nukta nne. Nukta moja ilizimika mbele ya macho yake, na mkono wa Nakijwa ukafunga nuru mara ile ile, haraka na kwa upole kama mtu anayefunga mlango wa chumba ambamo mtu amelala.

"Hivyo ni nini?"

"Vijiko."

"Vijiko."

"Vijiko, mwenyekiti."

Kajiru alitazama umbali kati ya kijiko na kijiko. Alikuwa amekata nguo za watu wa kila ukubwa maisha yake yote. Bila kujua anachofanya, aliushika utepe wake, akaunyoosha juu ya mvuke, akapima hewa. Kisha akaukunja taratibu, akautia mfukoni.

Nukta iliwaka tena. Nakijwa alikuwa bado hajafungua. Mkono wa Kajiru ndio uliosukuma wenzo.

"Mimi sijaona kitu," alisema, akavuta stuli. "Nimekuja kukugombeza, na bado nakugombeza. Unasikia? Sema una chai humu ndani."

5

Siku ya kumtoa mtoto nje, Vunjoro nzima ilipanda hadi uwanja wa ndiva.

Namkunda alisimama katikati, amejifunga kanga ile ile iliyochanwa. Hakuishona, na hakuificha. Nambike alisimama nyuma yake akiwa na mtoto kifuani. Sista Naetwe alikuwa ameshamgusa mtoto nyayo, pua na vidole, akasema rangi yake ni ya kwao kabisa. Kama ugonjwa ulikuwa umeshapanda kichwani au la, alisema atajua baadaye, na hakusema baadaye ni lini.

"Huyu ni mjukuu wangu," Namkunda alisema, na sauti yake ikavuka mabonde tena. "Sasa ametoka, anaweza kutajwa. Lakini yuko mtu aliyemwona kabla hajatoka. Njoo hapa, fundi."

Nakijwa alitoka mbele, akasimama ukingoni mwa uwanja, mgongo wake kwenye ukungu, uso wake kwa watu. Alisema yote mawili. Kitalu, kikapu, ua la boga. Zamu ya Kajiru, nguzo, vijiko. Alipomaliza, mtu mmoja alikohoa na mwingine akauliza iwapo hayo maharage yalipona.

"Yamedondosha maua," Kajiru alisema. "Kwa wizi wa nuru mwenye zamu ndiye anayedai, na mwenye zamu hadai. Alinipa chai. Chai mbaya, lakini alinipa."

Watu walicheka, na kwa kicheko hicho Nakijwa alidhani imekwisha.

"Hilo ni la maharage," Namkunda alisema. "Langu bado. Alimponya mjukuu wangu, na asali nimempelekea, aseme kama sikupeleka. Lakini alituona tukiwa hatujajiandaa kuonwa. Kituo sikiziki, watoto watakula nini? Naomba jambo moja. Na yeye aonwe. Uzi upite nyumbani kwake, kama alivyopaacha leo asubuhi, utandazwe hapo kwenye ukungu, sote tutazame. Baada ya hapo tutakuwa sawa, na anayetaka kuonwa ataweka vijiko, na asiyetaka hataweka."

Lilikuwa jambo la haki, na kila mtu aliona ni la haki, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kumtazama Nakijwa usoni.

Alikuwa na kidhibiti mkononi, kisanduku chenye gurudumu dogo. Aliuondoa mraba mweusi wa nyumba yake. Nyuma ya mgongo wake, bila yeye kugeuka, alisikia ukungu ukijaa nuru. Kulikuwa na sauti hafifu, kama ya karatasi inayokunjuliwa mbali.

Alijua kilichokuwepo. Kitanda na mto mmoja. Sahani moja kwenye kichanja, kikombe kimoja. Msumari mtupu ambapo koti lilining'inia zamani. Na mlangoni viatu vya mwanamume, vyenye rangi mpya na mng'aro, na ndani yake, kwa kuwa uzi husoma kila kitu, utando wa buibui uliotandwa kutoka kisigino mpaka kidoleni, mkubwa kama nyumba, kila uzi wake unang'aa. Buibui mwenyewe amekaa katikati kwa starehe ya mwenye nyumba. Mwezi ujao, alikuwa akiwaambia. Kila mwezi, mwezi ujao.

Angeweza kuvifuta. Mtambo unaojua kuficha nyumba hushindwaje kuficha jozi ya viatu? Angeweza kuchora koti msumarini, mto wa pili kitandani, mtu mzima amelala ametupa mguu. Nuru huchukua umbo unaloipa. Kidole chake kilikuwa juu ya gurudumu. Akakiacha palepale, hakukisogeza.

Aliona nyuso zikisoma. Aliona nyuso zikifika mlangoni, zikaona viatu, zikaingia ndani ya viatu.

Kajiru ndiye aliyegeuka kwanza. Alijifanya anatafuta kitu kilichodondoka nyuma yake, akakitafuta, akakaa hivyo hivyo. Sista Naetwe akageuka. Kisha safu nzima, bila neno, wanaume wakishika kofia, wanawake wakivuta watoto kwa mabega, mpaka uwanja wote ukawa migongo. Namkunda alibaki peke yake akitazama, maana ilikuwa haki yake aliyoiomba. Alitazama viatu. Alivuta kanga yake iliyochanwa, akajifunika kichwa nayo, na yeye akageuka.

Nambike aligeuka wa mwisho, taratibu, kwa ajili ya mtoto aliyemweka begani.

Na mtoto aliyewekwa begani hutazama nyuma.

Kati ya migongo yote ile, uso mmoja mdogo ulibaki umeelekea ukungu. Macho yalikuwa wazi, meusi, na nuru ya nyumba ya Nakijwa ilikuwa imejaa ndani yake. Macho yanaweza kuwepo na yasishike kitu. Sista alisema hivyo. Kidole cha Nakijwa kikapata kazi juu ya gurudumu, na nyuma yake, vikubwa kama kilima, viatu vya mumewe vikaanza kutembea, polepole sana, kwenda kushoto.

Macho yakavifuata.

Akavirudisha kulia.

Yakavifuata.